Homa Isiyo na Joto

Siku ya pili tu toka waanze kupanda, Fidelis alikaa juu ya jiwe katikati ya njia akaanza kufungua kamba za viatu.

"Unafanya nini, mdogo wangu?" Auleria alimuuliza.

"Navua. Si tumefika?"

Walikuwa hawajafika popote. Mbele mawe, nyuma mawe, na juu ukungu ulioimeza milima yote ya Nepali. Upepo ulikuwa wa baridi kiasi kwamba machozi yalimtoka mtu bila msiba. Auleria alimtazama yule kijana anayehangaika na kamba, vidole havimtii.

Hawa wawili walitoka Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Auleria alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Bukoba aliyepangiwa kazi kule miaka kumi na mmoja nyuma, na Fidelis alikuwa tabibu mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa Likunja, Ruangwa. Mwaka ule wa 1998 walipelekwa Kathmandu kwa mafunzo ya kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Wiki ya mwisho wakaambiwa wakaitembelee zahanati moja ya mlimani, mwendo wa siku nne kwa miguu, wakiongozwa na mtu wa makamo aitwaye Pasang.

Siku nne? Watu waliozoea kubeba masanduku ya chanjo kwa miguu hadi Kilimarondo waliona hizo ni siku za wavivu. Kwetu kule anayetaka kufika salama huamka saa kumi na moja, akakaza mwendo kabla jua halijaanza ukali wake. Basi nao wakakaza. Siku ya kwanza walimaliza mwendo wa siku mbili. Pasang alikuwa akiwaambia kwa Kiingereza chake cha maneno machache, "Polepole," nao wakacheka, wakampita. Auleria ndiye aliyekuwa mbele.

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya Fidelis.

"Kichwa kinauma?"

"Toka jana."

"Umetapika?"

"Asubuhi, nyuma ya lile jabali."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniona mlegevu, dada."

Kichwa, kutapika, viungo kulegea. Naomba tusimcheke Auleria. Mtu wa Nachingwea ukimwambia kichwa kinakuuma, hakuulizi umejigonga wapi, anakuuliza kama umeshameza dawa ya malaria. Hospitalini kwao hata kipimo kikisema hakuna kitu, dawa walitoa. Auleria alikuwa ametibu malaria miaka kumi na sita, na ugonjwa ule aliujua kuliko alivyowajua ndugu zake. Akatoa klorokwini mkobani, vidonge vinne, akamtilia Fidelis mdomoni.

Pasang alitikisa kichwa. Akaonyesha bondeni kwa mkono mzima. "Chini. Leo. Sasa hivi."

"Ana malaria," Auleria alisema. "Anahitaji kulala. Wewe nenda zahanati, ulete kwinini ya sindano."

"Chini," Pasang alirudia.

"Kwinini," Auleria alirudia, kwa ile sauti ambayo wodini hakuna aliyewahi kuijibu.

Pasang aliangalia mawingu, akamwangalia yeye. Alisaidia kumwingiza mgonjwa katika kibanda cha mawe cha wachungaji, akawawekea chupa ya maji, halafu akapanda peke yake. Ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye kona.

Saa moja baadaye theluji ilianza kuanguka.

Auleria alikuwa hajawahi kuiona. Alidhani mvua ikianguka lazima ipige kelele, kumbe hii inaanguka kimya, inafuta njia, inafuta mawe, na wewe husikii kitu. Hakuna ndege, hakuna jogoo, hakuna hata mbwa wa kubweka. Alimfunika Fidelis kwa kila nguo waliyokuwa nayo akangoja jasho litoke. Jasho la malaria likitoka, mtu amepona nusu.

Halikutoka. Alimpima: thelathini na sita. Akakikung'uta kipimajoto, akampima tena. Thelathini na sita. Midomo ya Fidelis ilikuwa imegeuka zambarau.

"Simama," alimwambia. "Tembea mpaka mlangoni."

Fidelis alipiga hatua mbili akaenda mrama, akajigonga ukutani kama mtu aliyetoka kunywa uraka msimu wa mabibo. Naye hakuwa mtu wa pombe hata kidogo. Auleria alimlaza chini akaweka sikio kifuani kwake. Ndani mlikuwa na maji yanayotokota.

Alipekua mkoba wa Fidelis akitafuta dawa nyingine, yoyote. Akakuta daftari. Kule Kathmandu walikuwa wamepewa karatasi ya ushauri kwa wageni, ya Kiingereza. Auleria yake aliisoma mpaka kwenye vyakula, akaiacha chini ya kitanda. Fidelis ya kwake aliitafsiri yote kwa mwandiko wake wa duara, ili akawasomee wenzake nyumbani.

*Pokea na toa kwa mkono wa kulia. Usimguse mtu kichwani. Ukuta wa mawe yenye maandishi uache upande wako wa kulia unapopita. Maji yachemshwe. Punda wa mizigo wakija, simama upande wa mlima, si wa bonde.* Halafu, amepigia mstari: *Huko juu hewa ni nyepesi, nayo huleta ugonjwa. Panda polepole. Kichwa kikiuma usiendelee. Mwenzio akiyumba au kifua kikipiga mapovu, mshushe. Hakuna dawa ipitayo kushuka. Usingoje kesho.*

Aliyasoma mara mbili. Aibu ilimwaka usoni, katika baridi ile. Mtu aliyelala miguuni pake ndiye aliyeyaandika, na yeye ndiye aliyempandisha mbiombio, na yeye tena ndiye aliyemfukuza mtu pekee aliyeijua njia. Kumngoja Pasang kungekuwa rahisi, na machoni pa watu kungefanana na uuguzi. Lakini Fidelis asingefika asubuhi.

Aliandika kwa Kiingereza kwenye kipande cha karatasi, "Tumeshuka," akakibana kwa jiwe mlangoni. Akamzungushia Fidelis kitenge kiunoni, ncha akazifunga kiunoni mwake mwenyewe, mikono ya Fidelis akaiweka mabegani mwake.

"Nifuate mimi. Usiangalie kitu kingine."

Walishuka. Pale penye ngazi za mawe aliketi, akamketisha Fidelis nyuma yake, wakateleza kwa makalio, jiwe baada ya jiwe. Mkono wa kushoto ulikuwa ukuta wa mlima, wa kulia hapakuwa na kitu, weupe tu na sauti ya mto mbali chini. Aliufuata ukuta kwa kiganja mpaka kikachubuka kikatoka damu, asihisi maumivu. Mara mbili Fidelis alianguka akamvuta naye. Mara ya pili miguu ya Auleria ilining'inia bondeni, akajiokoa kwa kung'ang'ania mzizi, na alipopanda alikaa akitetemeka mpaka alipojikumbusha kwamba kukaa ndiko kufa.

"Fidelis. Mimi nani?"

Fidelis alimtazama asijibu. Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Alianza kuongea Kimwera, lugha ya kwao, polepole kwa upole, maneno yaleyale, kisha yaleyale tena, kama anayeomba kitu.

Hapo ndipo upweke ulipomshika Auleria sawasawa. Miaka kumi na mmoja amekaa kwa Wamwera, amezalisha wake zao, amekula mihogo yao, na zaidi ya salamu hakujifunza kitu. Alikuwa akijiambia kwamba uhamisho unakuja mwakani. Sasa katika milima yote ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyemjua, na mtu huyo anamwambia jambo, naye halijui.

"Ndiyo," alimjibu. "Ndiyo, mdogo wangu. Ndiyo."

Akavuta kitenge, wakaenda.

Theluji iligeuka mvua, miti ikaanza kuonekana, na Fidelis akalegea kabisa. Auleria alikuwa akimburuta kwa kwapa alipomwona mwanamke mfupi amesimama njiani na kikapu cha kuni mgongoni, mkanda wake ameupitisha kwenye paji la uso. Hawakuwa na lugha moja. Auleria alionyesha kifua cha Fidelis, akaonyesha chini. Mwanamke akamwaga kuni zake zote kando ya njia. Wakamkalisha Fidelis ndani ya kikapu, miguu nje, na yule mama, ambaye kichwa chake kilimfikia Auleria begani, akaweka mkanda kwenye paji akanyanyuka. Hakusimama mpaka walipofika kijijini, giza likianza kuingia.

Kila walivyoshuka, pumzi ya Fidelis ilizidi kuwa ndefu. Auleria aliisikiliza kutoka nyuma.

Kesho yake saa nne Fidelis alipewa kikombe, akanywa, akakunja uso. "Chai gani hii ina chumvi?" alisema kwa Kiswahili safi. Auleria aligeukia ukuta akalia mbele ya wenye nyumba waliowapokea, bila kujificha.

Pasang aliingia jioni, nyusi zimeganda barafu, na kasha la kwinini amelifunga kifuani ndani ya nguo ili lisigande. Auleria alilipokea akainamisha kichwa. "Ulisema chini," alimwambia. "Nilikosea mimi. Nisamehe." Pasang alimtazama mgonjwa aliyekaa, akasema, "Chini, vizuri," akaomba chai.

Baadaye walibaki wawili karibu na moto.

"Njiani ulikuwa ukiniambia jambo," Auleria alisema. Akayatamka yale maneno ya Kimwera kama masikio yake yalivyoyashika.

Fidelis aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nasema niache hapa, dada, wewe nenda. Una watoto."

"Na mimi nikawa najibu ndiyo."

"Nilikusikia. Kila uliposema ndiyo nilijua basi, sasa ananiacha. Nikafumba macho nikangoja."

Auleria alisogeza kigoda chake karibu.

"Nifundishe kusema hapana, sikuachi," alisema. "Kwa lugha yenu."

Fidelis akamtamkia. Auleria alirudia mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akakosea, na akaendelea kurudia mpaka Fidelis akaitikia kwa kichwa.