Mashine Ilipomwita Bibi Marehemu

Shangazi yangu huandika programu za kompyuta, na asubuhi ile alianza kazi kama siku zote: chai kushoto, viatu chini ya meza, feni ikikoroma. Alikuwa akitengeneza mfumo wa hospitali kwa lugha moja ya kompyuta yenye ukali wa mama mkwe. Humo kila kitu unakiandikia aina yake, namba ni namba, jina ni jina, na aina isipolingana na kitu chenyewe mashine inagoma.

Kwa majaribio aliweka mtu anayemjua, kama walivyozoea pale ofisini. Alimweka mama yake, yaani bibi, aliyekuwa nyumbani akiuguza mguu. Akaandika aina: Hai.

Mashine ikagoma. "Umeandika Hai. Nimekuta Marehemu."

"Marehemu babu yako," shangazi akaiambia, akacheka. Akaipitia programu yote, mstari kwa mstari. Safi. Akajaribu tena. Marehemu.

Jirani yake wa meza, waliyemwita Koti kwa kuwa koti halimtoki mwilini hata juani, alisogea akanong'ona.

"Dada, futa hiyo aina. Iache mashine ijichagulie, kosa litaondoka."

"Ndivyo mnavyofanya?"

"Aliyekaa hapo kabla yako alifuta ya mkewe. Kesho yake tulimzika mke huyo."

Shangazi akapiga simu nyumbani. Bibi alipokea kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwanangu, kuna mtu kasimama mlangoni. Anasema anangoja ruhusa yako."

"Hapati. Mwambie hapati, mama. Usikate simu."

Akafuta mstari, akauandika upya. Hai. Mashine ikakataa. Hai. Ikakataa. Vidole vikafa ganzi. Chai ikashika utando wa barafu, na ilikuwa saa sita mchana. Alipogeuka, Koti hayupo. Koti lake lilikuwa limekaa kitini, vifungo vimefungwa.

"Nimeandika mimi," alisema akiwa ameuma meno. "Siandiki kingine."

Hai.

Mashine ikapokea. Kosa halikuonekana tena.

"Mama, kaondoka?"

"Mlangoni hayupo," bibi alijibu. "Ila sijamwona akitoka."

Alipofika nyumbani alimkuta bibi mzima, analalamikia mguu wake. Chini ya kitanda palikuwa na unyayo mmoja wa maji, vidole vimeelekea ukutani. Shangazi akaupiga dekio mpaka jasho likamtoka. Haukufutika. Upo mpaka leo, na haukauki.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, shangazi huinama akautazama.

"Kaa hapo hapo," huuambia. "Mama yangu humpati."