Sitaumwa Wiki ya Mtihani

Kila asubuhi ya shule Marlys Hostetler alikunywa maziwa yake akiwa amesimama, akafunga koti mpaka shingoni, akatoka kungoja basi la njano pale ambapo mashamba ya mahindi yanaishia na nyumba za Dunmoor zinaanza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kiti chake ndani ya basi kilikuwa kilekile siku zote, karibu na rafiki yake Desmond Aiken, ambaye hakuwahi kumaliza kifungua kinywa nyumbani.

“Umefanya zile hesabu za sehemu?” Desmond alimwuliza asubuhi moja ya Aprili, mdomo umejaa mkate.

“Nimefanya. Nimekosa zote, lakini nimefanya.”

“Basi umenizidi. Mimi nimekosa bila hata kufanya.”

Basi lilipopinda kona, shule yao ilitokea, na juu ya mlango bango lake la buluu: DUNMOOR, ALAMA A. Kila mwaka jimbo la Indiana lilizipa shule za kila mji alama kufuatana na mitihani ya wanafunzi. Dunmoor ilikuwa na shule tatu tu, mkurugenzi mmoja, na bodi ya majirani watano waliopigiwa kura, lakini alama yake ilikuwa A. Watu wa mji waliitaja ile A dukani, kanisani na kwenye mpira wa kikapu, kama wazazi wanaomtaja mtoto wao aliyefuzu udaktari.

Darasani, Marlys na Desmond walikaa kwenye meza ya nyuma na wenzao watatu ambao hesabu za sehemu zilikuwa zimewashinda. Wengine waliiita meza hiyo wodi.

“Wagonjwa wa hesabu hamjambo?” msichana mmoja aliwasalimu kila akipita. “Leo mmekunywa dawa?”

“Tumekunywa,” Desmond alimjibu. “Imebaki yako, ya mdomo.”

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Mkuu, Bi. Vandever, alikuja mwenyewe kwenye meza ya nyuma. Alikuwa na sanduku la donati zenye sukari juu, na sauti laini kuliko kawaida.

“Wapenzi wangu,” alisema, “wiki ijayo ni ya mtihani wa jimbo. Ni mtihani mrefu, unachosha. Sitaki mteseke. Kwa hiyo mtu akijisikia homa, au hata mafua kidogo, akae nyumbani apumzike wiki nzima. Hakuna atakayemlaumu.”

Desmond aliishusha donati yake. “Lakini Mwalimu, mimi siumwi.”

Bi. Vandever akatabasamu. “Bado siku kadhaa, Desmond. Unaweza kuumwa.”

Akawapapasa mabega, akaondoka. Marlys aliitazama donati yake, ile sukari ikianza kuyeyuka kwenye vidole, na shingo yake ikapata moto. Alikuwa ameelewa. Watoto watano wa meza ya nyuma wakikosa mtihani, makosa yao yatakosekana pia, na A itabaki juu ya mlango.

Akairudisha donati sandukuni.

“Huli?” Desmond aliuliza.

“Sitaki.”

“Mimi nimeshaing’ata,” alisema kwa huzuni, akairudisha naye.

* * *

Mama yake Marlys, Lorna, alikuwa dalali wa nyumba. Jioni ile alikuwa jikoni akikoroga supu ya kuku na tambi, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alipoikata, hakugeuka mara moja.

“Bi. Vandever amenipigia,” alisema. “Nimefikiria, wiki ijayo twende kwa bibi yako, kule ziwani. Wewe na mimi tu.”

“Wiki ya mtihani?”

“Ziwa ni zuri wakati huu.”

“Mama, mwezi wa nne ziwa ni barafu iliyoyeyuka. Hata bibi halisogelei.”

Lorna akaacha kukoroga. “Nisikilize, mwanangu. Wanunuzi wakija kwangu, hawaniulizi kwanza habari za jiko wala paa. Wananiuliza, shule ina alama gani? Mwaka jana tuliipata hiyo A kwa chupuchupu. Ikishuka, wataenda mji wa pili. Na kodi za hizi nyumba ndizo zinazoendesha hiyo shule yako. Si mimi peke yangu nitakayeumia.”

“Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?”

“Sijasema wewe mgonjwa. Nimesema upumzike.”

“Wataandika kwamba naumwa.” Marlys alisogea karibu na jiko. “Nilipojifanya naumwa tumbo ili nisiende kuogelea, uliniambia nini? Ulininyima baiskeli mwezi mzima. Ulisema unaweza kuvumilia mtoto asiyejua kuogelea, lakini si mtoto mwongo.”

Lorna alizima jiko.

“Alhamisi bodi inakutana maktaba ya shule,” Marlys aliendelea. “Mtu yeyote wa mji anaruhusiwa kusema. Nitaenda niwaambie. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilitoroka.”

“Hutaenda, Marlys.”

“Nitaenda. Kwa baiskeli.”

“Marlys!”

Lakini alikuwa ameshapanda ngazi. Chumbani alijifunika uso kwa mto akalia, maana hakuwa mtoto wa kumjibu mama yake hivyo. Alipomaliza kulia, hakuona sababu ya kubadili neno hata moja.

* * *

Alhamisi jioni Marlys alifika kwa baiskeli, akakuta maktaba imejaa kuliko alivyotarajia. Wajumbe watano wa bodi walikaa nyuma ya meza ndefu, wote watu aliowajua: fundi wa matrekta, mama mwenye duka la maua, na katikati mwenyekiti, Daktari Engle, aliyekuwa daktari wa meno wa nusu ya mji. Mkurugenzi alionyesha michoro iliyopanda kama ngazi. Kisha likasomwa ombi la ubao mpya wa umeme wa kuonyesha magoli uwanjani, na watu wakapiga makofi.

“Sasa ni zamu ya wananchi,” alisema Daktari Engle. “Dakika tatu kila mmoja.”

Wa kwanza alikuwa Bwana Trask, mzee mwenye kofia ya shamba, ambaye dakika zake zote zilikwenda kwa mabata bukini wanaochafua uwanja. Alitaka mbwa aajiriwe.

“Tumekusikia, Bwana Trask. Mwingine?”

“Nenda,” alinong’ona Desmond, aliyeketi kando ya Marlys. “Ukizimia nitakudaka.”

Marlys akasimama mbele ya kipaza sauti. Kilikuwa juu mno. Alikivuta chini, kikatoa mlio uliowafanya watu wazibe masikio.

“Taja jina lako na mtaa unaoishi,” Daktari Engle alisema kwa upole.

“Marlys Hostetler, mtaa wa Alder. Lakini unanijua, Daktari. Juzi tu vidole vyako vilikuwa mdomoni mwangu.”

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampa pumzi.

“Mimi nakaa meza ya nyuma, darasa la sita,” alisema. “Mwalimu Mkuu alitujia, akatuambia tukijisikia homa wiki ya mtihani tubaki nyumbani. Mwenzangu akasema haumwi. Akajibiwa kwamba anaweza kuumwa. Alimwambia yeye, lakini alitukusudia sote watano.”

Kicheko kilikatika. Bi. Vandever, aliyeketi kando ya mkurugenzi, aliinamisha kichwa.

“Mimi siumwi. Sijui kujumlisha sehemu ambazo asili zake hazifanani, hilo ni kweli. Lakini si ugonjwa. Ni kitu ambacho sijakijua bado.”

“Binti!” Bwana Trask alipaza sauti bila kungoja ruhusa. “Unajua nyumba zetu zitakuwa na bei gani tukiipoteza hiyo A?”

“Najua. Mama yangu ni dalali, bei ndizo nyimbo za nyumbani kwetu.” Marlys alimgeukia. “Mnasema shule yetu ina A. Lakini kama A inapatikana mimi nikiwa nimefichwa nyumbani, basi mimi simo kwenye shule hiyo. Sasa niambieni, mimi nasoma wapi?”

Akakishika tena kipaza sauti.

“Nitakuja Jumatatu,” alimaliza. “Nikikosa, nitakosa kwa jina langu.”

Ndipo mtu akasogea kutoka mlangoni. Alikuwa mama yake, bado na koti la kazi, funguo za nyumba za watu zikining’inia mkononi. Marlys hakujua amekuwapo tangu lini.

“Lorna Hostetler, mtaa wa Alder,” alisema kwenye kipaza sauti. “Mimi niliombwa nimbakize binti yangu nyumbani, nikakubali. Nilikuwa tayari kumfundisha kusema uongo, kosa ambalo mimi mwenyewe niliwahi kumwadhibu kwalo. Nawaomba mnisamehe. Marlys, wewe kwanza.”

Daktari Engle alimgeukia Bi. Vandever.

“Ni kweli, Bi. Vandever?”

“Ni kweli,” alijibu kwa sauti ndogo. “Niliogopa. Kila mkutano mnaniuliza juu ya A. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya meza ya nyuma.”

“Basi hilo kosa si lako peke yako,” Daktari Engle alisema, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. “Jumatatu kila mtoto atafanya mtihani. Mkurugenzi, wapigie wazazi wa hao watano kesho asubuhi, uwaambie hivyo mwenyewe.”

* * *

Mtihani ulikuwa mgumu kama walivyoambiwa. Marlys aliyaacha maswali mengine, akayarudia, akakosea, akafuta. Desmond alitoka akiwa na jasho puani na kutangaza kwamba ubongo wake umeomba likizo. Lakini wote watano walikaa mpaka mwisho.

Matokeo yalipotoka, Dunmoor ilipata B. Fundi aliegemeza ngazi ukutani akalishusha lile bango la buluu, na watu wengine wakampita Marlys barabarani bila salamu. Iliuma. Lakini safari hii bodi ilikaa chini ikayatazama matokeo yenyewe badala ya herufi, na ikaona kwamba sehemu hazikuwa zimeishinda meza ya nyuma peke yake. Karibu nusu ya darasa la sita walikuwa wakikisia majibu, yule msichana wa “wagonjwa wa hesabu” akiwa mmoja wao. Ubao wa magoli ukaahirishwa. Fedha zake zikamwajiri mwalimu wa hesabu za ziada, wa kila siku baada ya masomo na Jumamosi asubuhi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, Lorna alikuwa akimpeleka Marlys kwenye masomo hayo, ila kwanza ilibidi awaonyeshe nyumba mnunuzi mmoja na mkewe. Walizunguka vyumbani, wakafungua makabati, kisha mume akauliza kile ambacho wote huuliza.

“Tumesikia shule zenu zimeshuka.”

Marlys alimtazama mama yake.

“Ndiyo, ni B,” alisema Lorna. “Hiyo B ni ya watoto wote wa mji huu. Hata wa kwangu yumo.”

Mume na mke walitazamana. Walisema watafikiria, wakaingia garini mwao, wakaondoka.

“Hawatanunua,” Marlys alisema walipokuwa njiani kuelekea shuleni.

“Huenda.”

“Unanikasirikia?”

Lorna alisimamisha gari mbele ya shule, akamgeukia.

“Hapana, mwanangu. Nilidhani alama nzuri ndiyo shule nzuri. Lakini ukimficha mtoto asiyejua, hujaiponya shule, umeifumba macho tu. Usikubali mtu yeyote akufanye uone aibu kwa kitu ambacho bado unajifunza. Hata akiwa mwalimu. Hata nikiwa mimi. Sema usichokijua, ili ufundishwe. Kuna aibu kwenye kudanganya, haipo kwenye kutojua.”

Marlys akamkumbatia mama yake shingoni, kwa nguvu, mpaka honi ikalia yenyewe.

Mlangoni Desmond alikuwa akimpungia mkono. “Fanya haraka! Leo ni kugawanya sehemu kwa sehemu. Nasikia ni mbaya kuliko kujumlisha!”

“Iwe mbaya tu,” Marlys alimjibu, akatundika mkoba begani na kuingia ndani.