Gauni Linalojichora

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye cherehani ya mama yake. Aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Mama yake alikuwa kiziwi, na alipenda kumtania kwa lugha ya alama: “Nina bahati sikusikii!”

Lakini kazi haikuwa na utani. Wateja walijieleza kwa ishara za mikono, na nguo ikikosewa, walifoka. Mama alibaki akiwatazama midomo tu.

Kwenye klabu ya kompyuta, Chiriku alijifunza kujenga tovuti kwa vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake, ambavyo mtu mwingine anaweza kuvichukua na kuvitumia kwenye tovuti yake. Akajenga tovuti ya Mama. Mteja anagusa kola, mikono na rangi aitakayo, na gauni linajichora kwenye simu. Mama anaangalia, anakata kitambaa.

Kipande cha rangi ndicho kilichomtoa jasho. Ukigusa nyekundu, gauni zima linatoweka! Miwani, mwanafunzi mwenzake mpole, alikaa nacho Jumamosi nzima, wenzao wakicheza mpira, mpaka kikakubali.

“Kuna ukurasa ambapo wajenzi wa tovuti kama hizi wanaonyeshana kazi zao,” mwalimu wa klabu alisema. “Tupeleke yako.”

Chiriku alifurahi mno. Akaandika haraka: “Tovuti hii nimeijenga peke yangu.”

Miwani, aliyeketi kando yake, aliyasoma maneno hayo. Akaanza kufunga begi lake.

Kuona hivyo kulimchoma Chiriku kuliko kufokewa.

“Miwani, ngoja! Nimekosea.” Akafuta, akaandika upya: “Kipande cha rangi kimetengenezwa na Miwani. Bila yeye, gauni lingetoweka.”

Miwani akacheka. “Hayo ya kutoweka si lazima uyaseme.”

“Nayasema!”

Wiki iliyofuata, ujumbe ukaingia kwenye ukurasa ule. Fundi viatu wa mbali, kiziwi kama Mama, alikuwa amechukua kipande cha rangi, lakini rangi mbili kwa mpigo kilizikataa.

“Namuuliza Miwani,” fundi aliandika, “maana nimeliona jina lake.”

Miwani alimjibu siku hiyohiyo. Jioni ikaja picha ya viatu vyekundu na vyeusi, na chini yake: “Asanteni nyote wawili. Leo mteja wangu hakufoka.”

Mama alipoiona picha, alitokwa na machozi. Akamwita Miwani achague kola na rangi ya shati kwenye tovuti, amshonee. Kisha akazungumza kwa mikono, Chiriku akitafsiri:

“Anasema, ukimtaja aliyekusaidia, sifa yako haipungui. Yeye anajua jasho lake limeonekana, na mwenye shida anajua amtafute nani.”

Miwani aliinamisha kichwa, akitabasamu. “Neno asante kwa mikono linasemwaje?”

Chiriku alifungua mdomo kumweleza, lakini Mama akamtangulia. Alimshika Miwani mkono na kumfundisha taratibu, mpaka akaweza.