Ndoto Zilizotundikwa Ukutani

Jua lilikuwa linazama nilipobisha hodi kwa shemeji yangu, mchoraji. Mimi ni fundi wa fremu, nilikwenda kupima picha zake. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya maonyesho yake.

"Karibu, shemeji," alinong'ona. "Taratibu. Dada yako kapumzika."

Dada hakuwa amepumzika. Alikuwa kitini sebuleni, macho wazi, mikono mapajani.

"Shikamoo, dada."

Aliendelea kuutazama ukuta. Dada yule ambaye kicheko chake ulikisikia kabla hujafika mlangoni!

"Halali vizuri siku hizi," shemeji alisema, akanivuta hadi chumba cha kazi.

Kulinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi... na nywele zilizoungua.

Zamani shemeji alichora matunda na vyungu, watu wakapita bila kugeuza shingo. Tangu mwaka jana alikuwa akichora maajabu: ngazi zinazoota majani, samaki waliovaa makoti, mwezi uliofungwa kamba kama mbuzi. Sifa zikammiminikia. Eti ana kichwa cha pekee.

Nikapima ya kwanza. Ya pili. Ya tatu...

Nikaacha kupima.

Marehemu baba, amejikunja ndani ya kabati, anajishona mdomo kwa uzi mwekundu.

Ilikuwa ndoto yangu. Niliiota mara moja tu, usiku wa matanga ya baba, nilipolala nyumba hii hii. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu.

"Shemeji... hii umeitoa wapi?"

Sebuleni kiti kililia. Kwiii...

"Kuna mzee alinipa brashi," alisema, hanitazami. "Akaniambia nitachora ndoto za kila anayelala chini ya paa langu. Hakuniambia kwamba nikishazichora, haziwarudii."

"Na dada?"

"Zake zimekwisha. Sasa vinatoka vitu vingine."

Akafunua turubai mbichi. Mama yetu alikuwa kizingitini, anamsuka dada nywele. Pembeni, mtoto ameshika kitana.

Ile haikuwa ndoto; ilikuwa kumbukumbu yake. Yule mtoto ni mimi.

"Acha basi! Utammaliza!"

"Brashi nimeivunja, shemeji. Nimeichoma moto." Akaninyooshea vidole. Ncha zake zilikuwa zimechubuka, nyama nje, rangi imekauka ndani ya vidonda. "Mkono unachora wenyewe."

Nikaikwapua ile turubai, nikakimbilia uani, nikaiwasha kiberiti. Nilidhani picha ikiungua, kumbukumbu itamrudia mwenyewe.

Ndani, dada akaguna.

Nikarudi mbio. Kwa mara ya kwanza jioni ile, alinitazama usoni.

"Samahani," alisema kwa upole. "Wewe nani?"

Dada hakumaliza siku hizo tatu; tulimzika siku ya maonyesho. Mumewe hakufika makaburini; walisema alikuwa amejifungia, anachora. Picha zote zilinunuliwa, na ile ya ndoto yangu pia. Sijui imetundikwa kwenye ukuta wa nani.

Tangu hapo sioti ndoto yoyote. Nikifumba macho ni giza tupu. Ila kuna saa nahisi mtu amesimama karibu kabisa na uso wangu, ameinamisha kichwa upande, ananitazama... kisha anaita wenzake waje waone.