Radhi Yangu Ilikatwa Redioni

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Jina nililopewa na baba yangu hata nikilitaja hapa hakuna atakayenijua. Tangu nilipojifungua mtoto wangu wa pekee, mtaa mzima unaniita Mama Zaituni. Na jina hilo, ambalo nililivaa kwa fahari miaka yote, ndilo lililoniponza!

Zaituni nilimlea peke yangu baada ya baba yake kufariki. Akakua, akampenda kijana mmoja kuli wa bandarini, Donatien, Mkristo wa watu. Nilikasirika, sifichi. Wakaoana bila mimi, nami nikanuna. Nilikuwa bado nimenuna vita vilipopamba moto na risasi zikaanza kusikika kutoka milimani.

Asubuhi moja jirani alinijia mbio sokoni. Akaniambia Zaituni na mume wake wako bandarini, boti ya mizigo inapakia, wanakimbilia Kigoma. Binti yangu ananiomba nije nimpe radhi yangu kabla hajaondoka.

Hasira zote zikayeyuka. Niliacha ndagala zangu juu ya meza nikakimbia! Njia kuu ilikuwa imefungwa na askari, nikazunguka upande wa viwandani, huku mapafu yananiwaka moto. Nilipofika, boti ilikuwa imeshatoka. Niliita mpaka sauti ikakauka, nani angenisikia kwa mngurumo ule wa injini?

Wenye kujua watanielewa. Kwetu sisi Waislamu wa Buyenzi, mtoto hasafiri mbali bila radhi ya mama. Akiondoka bila hiyo, kila baya litakalompata atajiambia, ni kwa sababu mama hakuniridhia. Basi mimi nilibaki na neno moja tu kifuani... na sikuwa na njia ya kulifikisha. Simu haikuwepo, anwani sikuwa nayo. Nyumba ilinielemea. Nikipika, napika cha watu wawili, kisha namwaga.

Mtu niliyebaki naye ni Mama Rehema, rafiki yangu wa tangu utotoni. Tulikuwa tunatumia ua mmoja. Yeye alisoma, aliwahi kuwa mwalimu, na siku hizo alikuwa anatunga michezo ya redio na kikundi cha akina mama. Usiku nikilia alikuwa akinisikia. Nilimweleza kila kitu.

Jioni moja aliniambia ametunga mchezo mpya, unamhusu mama aliyemnyima binti yake radhi kwa sababu ya ndoa. Alitaka mimi ndiye niwe huyo mama.

— Mi apana jua mambo ya redio, nilimjibu.

— Utajua. We sema tu sawa unavyosemaka nyumbani. Mwishoni mama anamusamehe mutoto. Redio inafika mpaka Kigoma, Mama Zaituni! Ile radhi utaitoa wewe mwenyewe, na mutoto atasikia.

Ningekataaje? Niambieni ninyi!

Mama Rehema alikuwa ametupa majina mengine ya kuigiza. Lakini sisi ni wanawake wa Buyenzi, tumezoea kuitana kwa watoto wetu. Kila tukianza kurekodi, mmoja anateleza: "Eh, Mama Zaituni, karibu!" Kaseti inasimamishwa, tunaanza upya, tunacheka hadi machozi. Mwisho Mama Rehema alichoka. Akasema kila mtu abaki na jina lake la kila siku. Hivyo mama mkatili wa mchezo akawa Mama Zaituni, na binti aliyelaaniwa akawa Zaituni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya wake.

Mchezo ulipoanza kusikika, mji mzima ulinaswa nao! Kila wiki, kabla ya saa ya kujifungia ndani, wanawake walijaa uani kwetu kuizunguka redio moja, wengine na watoto mgongoni, wengine wanachambua mchele. Mimi nilikaa katikati yao nikisikia sauti yangu ikitoka kwenye kile kisanduku: "Zaituni, radhi yangu huna! Maziwa niliyokunyonyesha sikuhalalishii!" Wakapiga kelele, wakanisukuma mabega, wakaniita shetani huku wanacheka. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nasubiri mwisho tu.

Na ule mwisho tuliurekodi, wallahi. Nilifumba macho nikasema: "Mwanangu Zaituni, radhi yangu unayo, ya mbele na ya nyuma. Maziwa yangu nimekuhalalishia. Nenda ukaishi na mume wako kwa amani." Hapo sikuigiza hata kidogo! Hata fundi wa mitambo aliinama akajifuta uso.

Wiki ile ile ya kupeperushwa kwake, mapigano yalisogea mjini. Watu wa uani kwetu walitawanyika, mimi nikahifadhiwa na ndugu huko Ruziba, kwenye nyumba isiyo na redio. Niliporudi swali langu la kwanza lilikuwa moja tu. Imetoka?

— Imetoka, alijibu Mama Rehema. Watu walilia!

Haikupita muda mrefu, mwanamke mmoja mfanyabiashara aliyekuja kwa boti kutoka Kigoma alinitafuta sokoni. Alikuwa na ujumbe mfupi kutoka kwa Zaituni: "Mwambieni mama nimemsikia redioni. Nimesikia yote."

Nilipiga vigelegele pale pale kati ya samaki! Amesikia! Nilikaanga maandazi nikagawia mtaa mzima, Mama Rehema nikampelekea sinia lake peke yake. Alilipokea, akala, akanipongeza... Nikikumbuka mdomo ule ulivyokuwa unatafuna, mpaka leo mwili unanisisimka.

Siku chache baadaye mteja wangu mmoja alikuja kununua ndagala, akanitazama kwa jicho la utani.

— Ah, we mama! Mi nilikuwa nangoja utamusamehe yule mutoto. Kumbe unamufungia mulango, paa! Na mchezo unaisha vile! Sitakupendaka tena.

Kikombe cha kupimia kiliniponyoka. Nilimwambia amekosea, mwisho ni msamaha. Akaapa kuwa alisikiliza mpaka tangazo la mwisho. Nikawauliza wengine. Wote walisema mlango ulifungwa!

Nilikwenda kwa Mama Rehema sijavua hata aproni ya samaki. Hakukana. Alisema aliusikiliza msamaha ule akaona umepoa, wasikilizaji wangesahau mchezo siku ya pili. Wakisameheana, nani atauzungumzia tena? Ndipo akachukua maneno yangu ya laana kutoka kaseti ya nyuma, akayaweka mwishoni, pamoja na mlio wa mlango ukifungwa. Alisema alikusudia kuniambia.

— Lakini alisema amesikia! nililia. Alisikia nini, Mama Rehema? Mutoto wangu alisikia nini?

Nilihama ua ule, na sijamsalimia tena.

Vita vilipoanza kupoa nilipanda boti kwenda Kigoma. Niliuliza huku na kule hadi nikampata Zaituni kwenye chumba cha kupanga, anashona nguo, mume wake yuko kazini, na mtoto wao wa kike anacheza miguuni pake. Alinipokea kwa heshima zote. Alinipa maji ya kuoga, akapika, akanitandikia kitanda chake. Lakini hakunikumbatia.

Nilimweleza yote, tangu kuchelewa bandarini hadi kaseti. Naye akanieleza yake. Redio ya jirani ilishika mawimbi mchezo ukiwa katikati, hakujua kama ni maigizo. Alisikia jina la Mama Zaituni, akaitambua sauti yangu inamnyima maziwa yangu, kisha mlango. Majirani walimweleza baadaye kuwa ni maigizo. Aliwajibu kuwa yeye anaijua sauti ya mama yake akikasirika kweli.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia lile neno nililolibeba miaka yote, ana kwa ana, bila kuongeza wala kupunguza. Radhi yangu unayo, mwanangu, ya mbele na ya nyuma...

Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alitabasamu kidogo, kwa huruma, kama unavyomtabasamia mgeni.

— Mama, alisema, hata hii unaisema muzuri. Sawa kabisa na pale mu redio.

Nilikaa siku kadhaa nikarudi Buyenzi. Hatukugombana. Hunitumia salamu sikukuu zikifika, na mimi hujibu. Nikirudi nyumbani jioni naweka sufuria ndogo jikoni, nala, nalala.

Akina mama wenzangu, nawasihi! Neno la kumwambia mwanao usilipeleke kwa shoga, wala kwa redio, wala kwa mtu yeyote anayejua kulipamba. Mimi langu nililitoa mbele ya watu, na lilipomfikia mwenyewe hakuliamini tena. Kama mwanao yuko karibu nawe sasa hivi, weka chini unachosoma, mwite.