Mume Wangu Aliniambia Niwashe Jiko Chini ya Samaki

Nina miaka arobaini na mmoja, sina mume, na meno yangu mawili ya mbele yalibaki Kawangware. Msinihurumie upesi. Nisikilizeni kwanza...

Miaka ile nilikuwa na saluni pale Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 56, katika chumba cha mbele cha ploti ya mume wangu, Gitau. Nilifanya kazi na rafiki yangu Halima, Mnubi wa Kianda, Kibera. Mimi nilinyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto, yeye akasuka. Mikono ya Halima! Wanawake walikuwa radhi kungoja asubuhi nzima ili wasukwe na yeye tu, mimi nimekaa bure. Sikumwonea wivu. Mikono ile ilitulisha sote wawili.

Gitau hakuipenda saluni. Alikitaka chumba kile afungue bucha, na kila alipolewa alinikumbusha kwa makofi. Nilipaka poda juu ya uvimbe nikafungua mlango kama kawaida. Nani angejua? Halima alijua. Alisema nitazikwa na poda usoni.

Binamu ya Gitau, Karanja, alitunza bustani ya wazungu fulani huko Lavington. Wazungu waliporudi kwao wakaacha tangi la vioo la kufugia samaki, lenye fremu ya chuma, kubwa kiasi cha kumlaza mtoto ndani. Karanja alilipeleka kwake, likakaa nyuma ya jikoni muda mrefu, kuku wakitagia humo. Nililiona, nikalipenda. Niliwaza wateja wangu wakisukwa huku wakitazama samaki, kama mabibi wa hoteli kubwa za mjini!

Nikalinunua kwa Karanja. Ajabu ni kwamba Gitau hakupinga. Hata alisaidia kulibeba. Ningejiuliza hapo hapo... lakini mke aliyezoea kupigwa, akichekewa mara moja hudhani Mungu amejibu maombi.

Halima hakulipenda. Alipitisha kidole kwenye kona moja iliyopakwa lami nyeusi.

"Sasa hii lami ni ya nini, Wanjiku? Hii si ni kitu ya kuziba mabati?"

Nikacheka, nikamwambia alete majivu tusugue.

Tulilisugua kwa majivu na sabuni ya unga. Samaki wa kwanza, wale wadogo wa rangi ya dhahabu, wakafa siku hiyo hiyo. Sabuni iliwaua, nami sikujua. Wa pili wakaishi, lakini kwa tamaa yangu niliwajaza wengi mno, na maji yakageuka rangi ya mchuzi wa sukuma wiki.

Ikaingia baridi ya mwezi wa saba. Samaki wakalala chini wakihema. Nikahangaika kama mama mwenye mgonjwa. Gitau akaja, akawatazama, akasema kwa upole nisiouzoea, "Hao ni samaki wa joto. Wawekee jiko hapo chini."

Nikaona ni neno la akili. Mwezi wa saba nani kwetu haoti jiko? Mtoto akitetemeka, si unamsogezea makaa? Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba samaki wale hupenda baridi!

Nikawasha makaa, nikalisukuma jiko chini ya meza ya tangi. Gitau akatoka, akasimama ng'ambo ya barabara na Karanja. Nilimwona. Sikuelewa kitu.

Kioo kilitoa mlio kwanza. Mimi nilikuwa nimeinama nikichochea makaa. Halima alimwacha mteja, akanisukuma kwa mikono yote miwili... na tangi likapasukia juu ya mikono ile. Maji yakamwagikia makaa, mvuke ukajaa chumba, wateja wakapiga mayowe, samaki wakarukaruka kwenye nywele zilizotapakaa sakafuni. Na damu! Nilidhani ni yangu. Halima alikuwa ameketi chini akitazama mkono wake wa kulia, vidole vikining'inia.

Karanja akaingia mbio. Alipoona, akaanza kulia, akamgeukia Gitau.

"Si nilikuonyesha hiyo kona imepasuka? Ni wewe uliniambia nipake lami ninyamaze. Ulisema ni maji tu itamwagika, bibi yako afunge hii kazi."

Ndugu wasomaji... kitana changu cha chuma kilikuwa bado kwenye jiko lile lingine, la kazi. Nilikichukua nikakibandika shavuni kwa Gitau mpaka ngozi ikabanduka. Alinipiga ngumi, nikatema meno, nikamrudia. Tulipigana juu ya vioo na samaki mpaka majirani wakatutenganisha. Lile kovu lake silijutii hata leo! Ninalojutia ni kwamba wakati huo wote ni mteja, mtu asiyemjua kabisa, aliyekuwa akimfunga Halima kwa leso yake mwenyewe.

Hospitali walimshona, lakini vidole havikukunjika tena. Gitau alifungua bucha yake katika chumba kile kile. Watu wakanunua nyama.

Mimi nilihamia Kianda, nyumbani kwa mama yake Halima. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliniketisha nyuma ya binti yake, akanipa kitana, akasema, "Wewe sasa ndio utasuka. Yeye atakuonyesha kwa mdomo." Ndivyo tunavyoishi hadi leo. Idd ikikaribia, wanawake wa nyumba ile hupakana hina. Halima hutoa mkono wa kushoto tu. Wa kulia huuficha chini ya nguo.

Dada zangu, ukinunua kitu kilichotelekezwa, pitisha kidole kila kona. Na mwanamume aliyezoea kukupiga, akija siku moja na ushauri mtamu, usiwashe moto wake! Muulize kwanza anayekupenda. Mimi nilikuwa naye pembeni yangu, akaniuliza lami ni ya nini, nikamcheka. Tangu siku ile hajanirudishia swali hilo hata mara moja... Nawasihi, mjibuni wa kwenu angali anauliza.