Mikono Iliyompakata Kifaranga

Siku ile nyumbani walikuwepo mama, wifi yake, na Kifaranga, binti wa miaka mitatu. Baba alikuwa kazini. Saa nane mchana alifika mpimaji wa mionzi kutoka hospitali, akawa wa nne.

Ilikuwa siku ya sita tangu mama ameze kidonge cha mionzi cha kutibu tezi ya shingo. "Dawa itakaa ndani yako ikichoma ugonjwa, kisha itaisha yenyewe," mpimaji alikuwa amemweleza. "Lakini kwa sasa mtoto usimpakate. Mionzi itampata na yeye." Basi mama akajifungia chumba cha nyuma. Wifi alimwekea sahani mlangoni, akamtania, "Haya bi harusi, chakula!" na kila mara alimchambulia samaki miba yote, ingawa hakuombwa.

Asubuhi ile Kifaranga aligonga mlango.

"Mama, jana ulinibeba. Leo tena?"

"Nani alikubeba, mwanangu?"

"Wewe. Jikoni. Mikono yako baridi."

Wifi akasogea, akanong'ona kwa hasira, "Usimkatalie mtoto. Nilikuona kwa macho yangu. Nikanyamaza, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Wifi yangu, haki ya Mungu sijatoka humu."

Wifi akashika kitasa, kisha akakiachia, akarudi jikoni.

Mama hakukaa, wala hakuthubutu kutoka. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani, na kila alipogeuka alisikia sebuleni sauti ikimbembeleza mtoto, sauti yake mwenyewe, ikiimba wimbo aliomtungia Kifaranga alipokuwa mchanga, huku harufu ya udongo uliofukuliwa ikipenya chini ya mlango.

Kisha akamsikia mpimaji akiingia. "Mama, tulikubaliana nini? Mbona umempakata?"

Mama akafungua mlango. Kwenye kiti cha sebuleni aliketi yeye mwenyewe, gauni lile lile la kijani, kovu dogo kidevuni, na Kifaranga amelala mapajani.

Mpimaji aliwatazama wote wawili. Akawasha kimashine chake cha kupimia mionzi. Akakielekeza kwa mama aliyesimama mlangoni; kikalia ta-ta-ta-ta bila kupumua. Akakielekeza kwa yule wa kitini. Kimya.

"Huyu hana dawa mwilini," alinong'ona.

"Jini!" Wifi, aliyetokea jikoni, akaziba mdomo kwa kiganja.

Kifaranga akafumbua macho. Akamwona mama mlangoni, akamwona yule, kisha akamkumbatia yule shingoni. "Huyu ndiye ananibeba."

Mama akapiga hatua moja, akasita. Akimshika mwanawe, atampa sumu. Asipomshika, je?

"Mchukue!" mpimaji akapiga kelele. "Dakika moja haitamdhuru! Mchukue!"

Mama akaruka, akamnyakua Kifaranga, akambana kifuani huku mtoto akipiga mateke na kulilia kurudishwa. Yule wa kitini hakung'ang'ania. Alifungua mikono taratibu, akatabasamu kwa meno ya mama.

"Nilikuwa nakushikia tu," akasema, na kiti kikawa kitupu.

Mama akamkabidhi wifi mtoto, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Wiki mbili baadaye aliruhusiwa kutoka. Baada ya miezi kadhaa tezi nayo ilipona. Kifaranga hakuomba tena kubebwa na mtu yeyote.